Namna ya kusoma matokeo na takwimu za shule ya msingi ya serikali Dodoma: mwongozo kamili kwa mzazi na mjumbe wa kamati ya shule

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, makundi ya WhatsApp ya kata hujaa picha za skrini. Shule fulani imepanda, fulani imeshuka, fulani "imetuaibisha". Wastani wa shule unatajwa kana kwamba ndiyo maksi za Mwalimu Mkuu mwenyewe. Kwa maoni yangu, wastani huo haumfai mzazi kitu mpaka ajue mambo mawili: ni watoto gani walioketi kwenye chumba cha mtihani, na wenzao walioanza nao darasa la kwanza wako wapi leo.

Majibu yote mawili yanapatikana. Huhitaji utaalamu wa takwimu, bali daftari la mistari, simu yenye bando, kikokotoo cha kwenye simu hiyo hiyo, na adabu ya kuzungumza na walimu. Mwongozo huu ni kwa mzazi anayehamia Dodoma akitafuta shule, kwa mjumbe wa kamati ya shule anayetaka kuingia kikaoni akiwa na hoja, na kwa mwenye mtoto tayari aliyechoka kusikia "ufaulu umeongezeka" bila kuelezwa ufaulu wa nani.

Hatua ya 1: Chukua matokeo kwenye chanzo chake

Achana na picha za skrini. Ingia tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, gusa sehemu ya matokeo, chagua PSLE (ndio mtihani wa kumaliza elimu ya msingi), kisha mwaka, mkoa, halmashauri na shule. Mkoa wa Dodoma una halmashauri nane: Jiji la Dodoma, Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa Mji, Kondoa Wilaya, Kongwa na Mpwapwa. Kondoa huwachanganya watu kila mara, maana ni halmashauri mbili zenye jina moja. Hakikisha pia namba ya kituo, kwa sababu majina ya shule hujirudia: A na B kwenye uwanja mmoja, au jina lile lile katika wilaya mbili.

Andika yafuatayo kwa miaka mitatu mfululizo: waliosajiliwa, waliofanya, wastani wa shule, na idadi ya A, B, C, D na E kwa wasichana na wavulana. Nasisitiza miaka mitatu. Shule ya kijijini yenye watahiniwa 28 hupanda au kushuka karibu asilimia nne kwa mtoto mmoja tu. Malaria ikiwalaza wawili wiki ya mtihani, kijiji kizima kitaambiwa shule imeporomoka.

Ukimaliza, rudi uchukue na matokeo ya upimaji wa darasa la nne, SFNA, ya mwaka ambao watoto hao hao walikuwa darasa hilo. Waliomaliza 2024 walikuwa darasa la nne mwaka 2021. Tutayahitaji mbele.

Hatua ya 2: Jua namba zinasema nini

Masomo ni sita, kila moja maksi 50, jumla 300. Jumla ya 241 hadi 300 ni A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C, 61 hadi 120 ni D, na 60 kushuka chini ni E. Kufaulu darasa la saba ni kupata A, B au C. Kwa hiyo mtoto wa 122 na mtoto wa 178 wote wamefaulu kwa daraja lile lile la C, ingawa mmoja amepenya kwenye tundu la sindano.

Sasa mtego unaowanasa hata baadhi ya wajumbe wa kamati: katika upimaji wa darasa la nne, D nayo huhesabiwa ufaulu, na anayepata E ndiye anayetakiwa kurudia darasa. Mtu akikwambia "darasa la nne tumefaulisha asilimia 90, darasa la saba asilimia 64, walimu wa madarasa ya juu wamelala", mwambie kwanza atoe D zote za darasa la nne halafu alinganishe tena. Mara nyingi ule mporomoko huyeyuka karibu wote.

Usihangaike kutafuta nafasi ya shule kitaifa. Tangu mwanzoni mwa 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na ukiniuliza mimi, lilifanya vema. Orodha zile zilikuwa zikiweka shule ya bweni inayochuja watoto kwa usaili kwenye ngazi moja na shule ya kata inayopokea kila anayebisha hodi.

Kama kipimo cha jumla, ufaulu wa kitaifa ulikuwa asilimia 80.58 mwaka 2023 na 80.87 mwaka 2024. Namba hizo zinachanganya shule za serikali na za binafsi, za mijini na za vijijini, kwa hiyo zichukue kama upeo wa macho tu.

Hatua ya 3: Shuka kwenye masomo

Chora jedwali lenye safu sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, Uraia na Maadili. Jaza wastani wa kila somo kwa ile miaka mitatu.

Karibu kila shule ya serikali utakuta Kiswahili kimebeba wengine, na Kiingereza na Hisabati viko mkiani. Hilo peke yake si habari. Habari ni pale mpangilio unapovunjika. Hisabati ikishuka ghafla mwaka mmoja huku masomo mengine yakibaki palepale, uliza kama mwalimu wa somo hilo alihama, alikwenda likizo ya uzazi au kusoma, na kama kuna aliyeshika vipindi vyake. Na Kiswahili kikiwa chini, simama hapo kwanza. Masomo yote mengine, Kiingereza kikiwekwa kando, yanaulizwa kwa Kiswahili. Mtoto asiyeelewa swali la Sayansi atalikosa hata kama jibu analijua. Shida ya namna hiyo huanzia darasa la kwanza na la pili, kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na kuongeza vipindi vya darasa la saba hakuiponyi.

Hatua ya 4: Lifuate darasa tangu lilipoandikishwa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi hawafiki. Ili uone hesabu inavyokwenda nimetunga shule ya mfano, iwe ya kijiji chochote kati ya Bahi na Manyoni. Namba zake si za shule yoyote unayoijua.

Mwaka 2024 shule hii ilisajili watahiniwa 96, wakafanya 91. Walipata A 2, B 19, C 37, D 28 na E 5. Wastani 141.4835, daraja C. Waliofaulu ni 58, yaani asilimia 63.7 ya waliofanya. Hiyo ndiyo namba itakayosomwa kwenye kikao cha tathmini na kushangiliwa, kwa sababu mwaka uliotangulia ilikuwa asilimia 59.

Sasa fungua rejesta ya darasa la kwanza ya 2018. Walioandikishwa ni 164. Upimaji wa darasa la nne 2021 wamebaki 139. Darasa la saba, 96. Ukigawa 58 kwa 164 unapata asilimia 35. Usikimbie na namba hiyo mtaani! Iache iwe kengele, kisha ukae na mwalimu wa taaluma muwatafute watoto mmoja mmoja. Kila mwanafunzi ana namba ya PREM, inayomfuata hata akihama shule, kwa hiyo uhamisho halali huonekana kwenye mfumo. Gawanya majina kwenye mafungu haya: waliohama kwa uhamisho, waliokariri na sasa wako madarasa ya chini, waliofariki, na wale ambao hakuna mwenye habari zao. Kisha ongeza wageni waliojiunga njiani.

Katika shule yetu ya mfano inatoka hivi: 31 wamehama kihalali, 14 wamekariri, mmoja amefariki, 36 hawajulikani walipo. Jumla 82 wametoka, 82 wamebaki, na wageni 14 wakafanya 96. Wale 31 huenda wamefaulu vizuri kabisa huko walikokwenda. Usiwahesabie shule hii kama hasara. Fungu la kupigia kelele ni la wale 36. Ni zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano walioanza darasa la kwanza, na hakuna jedwali la matokeo litakaloonyesha jina la hata mmoja wao. Shule ikipoteza watoto wake dhaifu kabla ya Septemba ya darasa la saba, wastani wake hupanda bila mwalimu kushika chaki.

Mambo matatu ya kuangalia ukiwa kwenye hesabu hii.

Kwanza, shule shikizi. Vijiji vingi vya Dodoma vimetawanyika, na watoto wadogo huanzia kwenye shikizi iliyo karibu halafu wakikua kidogo huhamia shule mama. Rejesta ya darasa la kwanza ya shule mama haina watoto hao. Usipowaongeza, utaona darasa "limeongezeka" darasa la tatu au la nne na kudhani hakuna aliyepotea, kumbe waliopotea wamefunikwa na waliofika.

Pili, umri wa darasa lenyewe. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na mwaka huo watoto waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa michango waliandikishwa kwa wingi, wengine wakiwa na miaka tisa au kumi. Kundi hilo lilimaliza darasa la saba 2022, na ndiyo maana watahiniwa nchini waliruka kutoka kama milioni 1.1 mwaka 2021 hadi zaidi ya milioni 1.3 mwaka 2022. Kulinganisha 2022 na 2021 bila kulitaja hilo ni kulinganisha madarasa mawili yaliyolelewa tofauti. Vivyo hivyo, waliomaliza 2024 walikuwa darasa la tatu pale shule zilipofungwa kwa ajili ya corona, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Juni 2020.

Tatu, mjini mambo hugeuka juu chini. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ilihesabu 765,179 katika Jiji. Serikali ilihamia, Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, mitaa mipya ikaota kila upande. Shule ya pembezoni mwa jiji inaweza kuwa na watoto 120 darasa la kwanza na 210 darasa la saba la kundi hilo hilo. Hapo swali ni jingine: kati ya hao 210, wangapi walikuwa hapa tangu darasa la nne? Ikiwa nusu yao wamefika darasa la sita, matokeo ya shule hiyo, yawe mazuri au mabaya, kwa sehemu kubwa yamepikwa jiko la jirani.

Hatua ya 5: Andika watoto ni akina nani

Takwimu za elimu zinazochapishwa nchini hazina safu ya kabila, na sensa zetu hazijauliza kabila tangu ile ya 1967. Kwa hiyo ukisoma mitandaoni jinsi wenzetu wa Marekani wanavyochambua shule kwa rangi ya wanafunzi, usitafute safu hiyo hapa. Mchanganuo wetu ni wa jinsi, umri, mahitaji maalumu, umbali, lugha ya nyumbani na hali ya kaya.

Anza na jinsi, kwa sababu namba zake unazo tayari. Kwenye shule yetu ya mfano walioanza ni wasichana 83 na wavulana 81. Waliofanya mtihani ni wasichana 52 na wavulana 39. Waliofaulu ni wasichana 34, sawa na asilimia 65, na wavulana 24, sawa na asilimia 62. Ukisoma hapo tu utasema jinsi zote ziko sawa. Gawanya kwa walioanza: wasichana asilimia 41, wavulana asilimia 30. Pengo la asilimia tatu limekuwa kumi na moja, na limetoka kwa wavulana walioacha kabla. Vijiji vya wafugaji wanajua sababu bila kuambiwa: mvulana wa miaka kumi na mbili ndiye mchungaji, na malisho yakikauka anahama na ng'ombe. Wasichana wanaopotea hupotea kwa njia nyingine, wengi wakipelekwa kazi za ndani mjini, na wapo wanaoacha kwa ujauzito. Hawa wa mwisho wana haki ya kurudi darasani tangu Waraka wa Elimu namba 2 wa 2021. Uliza shule imewarudisha wangapi.

Lugha ya nyumbani hakuna anayeiandika popote, lakini mwalimu wa darasa la kwanza anaijua kwa vidole. Muulize: Januari hii, wangapi waliingia hawasemi Kiswahili? Mjini jibu huwa wachache. Vijiji vya ndani vya Chamwino na Bahi watoto wanakuja na Kigogo, Kondoa na Kirangi, na Chemba upande wa Farkwa na Kwa Mtoro na Kisandawe, ambacho hakifanani hata kidogo na lugha za Kibantu. Mtoto wa namna hii anajifunza lugha na kusoma kwa wakati mmoja, na mwalimu mgeni aliyepangwa kutoka mkoa wa mbali hana neno la kumsaidia. Ikiwa shule ina mwalimu mmoja tu wa madarasa ya chini anayesema lugha ya kijiji, mjue huyo ni mali. Asiondoshwe kwenda kufundisha darasa la saba.

Mahitaji maalumu yahesabiwe na yaelezwe. Shule yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili au uziwi haipaswi kupangwa mstari mmoja na isiyo nacho. Ni sawa na shule kama Buigiri kule Chamwino, inayofundisha watoto wasioona: wastani wake una maana yake yenyewe.

Hali ya kaya usiulize mtoto mmoja mmoja mbele ya wenzake. Tumia viashiria ambavyo ofisi ya kijiji au mtaa inavyo tayari, kama idadi ya kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, na umbali wa kitongoji cha mwisho kutoka shuleni.

Hatua ya 6: Kaa na rejesta ya mahudhurio

Hii haipo mtandaoni na haitakuwepo. Omba kuiona ofisini, mbele ya mwalimu, na usiipige picha. Namna ya kuomba ina uzito wake. Mjumbe anayeingia na "leteni rejesta tuone" atapewa kiti na soga hadi jua lizame. Anayesema "Shikamoo Mwalimu Mkuu, kamati ilinituma nikusaidie kuandaa taarifa ya utoro kabla ya kikao, nitaomba nikae na mwalimu wa taaluma nusu saa" atapata rejesta na huenda na chai.

Chukua darasa la tano au la sita, la saba hapana, maana darasa la mtihani husukumwa na kila mtu na mahudhurio yake hayawakilishi shule. Chagua wiki nne: moja ya Februari, moja ya mwishoni mwa Aprili, moja ya Julai na moja ya Oktoba. Hesabu waliohudhuria kila siku, gawa kwa walioandikwa.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na rejesta inausoma msimu huo vizuri kama kalenda ya mkulima. Februari ni palizi, na ghala la nyumbani liko tupu. Watoto wanakosekana kwa jembe na kwa njaa. Mtama na uwele vikianza kukomaa, wanakwenda kuamia ndege, kuanzia alfajiri, na kwelea kwelea hawasubiri kengele ya saa nane. Oktoba ni maji: foleni ya kisima inaanza usiku, na msichana anafika darasani saa nne akiwa amechoka. Ongeza na siku ya mnada. Katika kijiji ambacho mnada unaangukia siku ya kazi, rejesta ya siku hiyo utaijua hata bila kusoma tarehe: safu nzima ina mapengo kutoka juu hadi chini, na kesho yake watoto wamerudi.

Ukiona hivyo unajua la kufanya. Mapengo ya Februari yanaitika kwa uji au makande ya mchana, na michango ya mahindi na maharage ikusanywe Juni na Julai watu wakiwa wamevuna. Ukiwaomba Januari unawaomba wasichonacho. Mapengo ya mnada ni ya Mwenyekiti wa Kijiji na Mtendaji, shule haiwezi peke yake.

Hatua ya 7: Walimu, vyumba na fedha

Hapa kwenda haraka kunatosha. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na darasa la awali mmoja kwa 25. Matundu ya choo, moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Dawati moja la kawaida, watoto watatu. Namba hizi mara nyingi zimeandikwa kwenye ubao wa ikama ofisini kwa Mwalimu Mkuu: WAV (wavulana), WAS (wasichana), JML (jumla), mahitaji, yaliyopo, upungufu.

Ubao huo una udhaifu mmoja: unagawanya wanafunzi wote kwa walimu wote. Shule ya wanafunzi 800 na walimu 11 inaonekana 1:73. Toa Mwalimu Mkuu anayeshinda halmashauri, toa aliye masomoni, kisha uliza nani yuko darasa la kwanza. Unaweza kukuta mwalimu mmoja na watoto 150. Uliza pia jinsia ya walimu na masomo waliyosomea. Shule za mjini aghalabu zina walimu wengi, kwa sababu watumishi wanahamia kufuata wenza wao. Za vijijini zinabaki na walimu wachache ambao kila mmoja ameshika masomo manne.

Upande wa fedha, ruzuku ya uendeshaji iliyowekwa tangu mpango wa elimu bila ada uanze ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Wanafunzi 800 ni milioni 4.8 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, vyote humo. Hesabu hiyo ikae kichwani kabla hujamlaumu mtu kwa kutochapisha majaribio kila wiki. Na kwa kuwa fedha hufuata idadi ya wanafunzi, linganisha idadi iliyoko kwenye mfumo na vichwa vilivyoko darasani. Zikipishana sana, uliza kwa upole.

Hatua ya 8: Linganisha na wanaofanana

Tafuta shule tatu au nne zenye hali ya karibu na yenu: mazingira ya aina moja, idadi ya watahiniwa isiyopishana sana, uwiano wa walimu wa karibu, lugha ya kufundishia ile ile. Shule ya katikati ya jiji haina cha kufundishana na shule ya bonde la Bahi kuhusu wastani. Ila shule mbili za bonde hilo hilo, moja ikiwa na ufaulu wa asilimia 80 na nyingine 50, zina mengi ya kuambiana, na nauli ya bodaboda kwenda kuuliza itarudi.

Onyo moja la hesabu. Ukitaka ufaulu wa kata, usijumlishe asilimia za shule na kugawanya. Shule moja ina watahiniwa 30 na ufaulu wa asilimia 90, nyingine 150 na asilimia 50. Ukichukua katikati unapata 70. Ukihesabu watoto, waliofaulu ni 27 na 75, jumla 102 kati ya 180, sawa na asilimia 57. Nimeona tofauti ya namna hii ikipita kwenye taarifa rasmi na watu wakipiga makofi.

Ukishapata mshindani wa haki, angalia mgawanyo wa madaraja kabla ya wastani. Shule mbili zinaweza kuwa na wastani wa 140 zote. Moja ina A kumi na E ishirini, nyingine ina C tupu. Ya kwanza imewachukua wachache wenye uwezo kambini na kuwaacha wengine. Ya pili imewainua wote kidogo kidogo. Mimi mwanangu ningempeleka ya pili. Mzazi mwenye mtoto anayeongoza darasa anaweza kuamua vingine, na sina ugomvi naye.

Hatua ya 9: Ipeleke kikaoni bila kuvunja shule

Andika ukurasa mmoja, si zaidi. Juu weka namba sita: walioanza darasa la kwanza, waliofika la nne, waliosajiliwa la saba, waliofanya, waliofaulu, wasiojulikana walipo. Chini yake jedwali la masomo, chini zaidi mahudhurio ya zile wiki nne. Mwonyeshe Mwalimu Mkuu kabla ya kikao. Akiona kwa mara ya kwanza mbele ya wazazi 200, atajilinda, na ana haki. Mpe nakala Afisa Elimu Kata.

Majina ya watoto yasiwemo, hata ya wale waliopotea. Orodha ya majina ibaki kwa walimu, Mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji watakaokwenda kugonga milango. Tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na kurusha rejesta kwenye kundi la wazazi ni kujitafutia kesi na kumwaibisha mtoto wa jirani.

Kikao kikishafunguliwa, salamu za Kigogo, mbukwenyi, zikaitikiwa na ajenda ikasomwa, anza na wale wasiojulikana walipo. Sema: "Ndugu wazazi, mwaka 2018 tuliandikisha watoto 164. Thelathini na sita hatujui walipo. Nani anajua?" Mara nyingi robo saa haiishi utakuwa na majibu ya nusu yao, kwa sababu kijiji kinajua, kilichokosekana ni wa kuuliza. Mwombe katibu aandike kila jibu pembeni ya idadi: amehamia Kiteto na mifugo, yuko Dar es Salaam kwa shangazi, anauza maji stendi. Hoja ya wastani wa masomo ije baadaye, na iletwe na mwalimu wa taaluma mwenyewe.

Mwisho, tunza daftari hilo mahali ambapo mjumbe atakayekurithi atalikuta, kwani 2027 litahitajika kuliko mwaka wowote. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi sasa ni miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu 2024 watamaliza darasa la sita 2027, mwaka ule ule ambao waliokuwa darasa la nne watamaliza la saba kwa mtaala wa zamani. Shule itakuwa na makundi mawili ya wahitimu kwa mpigo. Tenga kurasa mbili tangu sasa, moja kwa walioanza darasa la kwanza 2021 na nyingine kwa walioanza 2022, na usikubali mtu akujumlishie namba zao kwenye mstari mmoja.